Vidonge Vitano vya Moina

Katika mji wa Mutsamudu, kisiwani Nzwani, nchi ya Komoro, arusi haikwenda bila Bi Zoubeda. Kupika walipika wengine. Kazi yake yeye ilikuwa kugawa. Wali na nyama vikishaiva, wanawake walimwita. Naye alijifunga kiunoni shiromani yake nyekundu, nguo wanayojitanda wanawake wa Nzwani, akakaa kwenye kigoda, akashika upawa. Wageni wawe mia, wawe mia mbili, kila sinia lilitoka na haki yake. Mama wa bibi arusi alipata fungu mara mbili. Mjane wa uchochoroni ambaye hakualikwa na mtu alipelekewa lake nyumbani. Hakuna aliyenung'unika. Na watu wa Mutsamudu, niwaambie ukweli, kunung'unika wanajua.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa hivyo hivyo. Bi Zoubeda aliishi na binti zake wawili, Ramlati na Bahia, na wajukuu wanne. Chungwa moja likiingia mlangoni lilikatwa vipande vinne. Peremende moja ilipasuliwa kwa jiwe. Watoto walimwita Koko, yaani bibi, na walijua kwamba mbele ya Koko hakuna anayekula peke yake.

Mwezi wa Februari mwaka 1981 mvua zilinyesha kwa fujo. Mbu walijaa vichochoroni. Moina, binti wa Ramlati, mwenye miaka sita, aliamka asubuhi mwili ukiwaka moto. Alitetemeka, akakataa chai, akakataa hata mkate wa nazi anaoupenda. Ramlati alimfunga mgongoni akaenda naye zahanati.

Muuguzi wa zahanati aliitwa Chanfi. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, na maneno yake machache.

"Ni malaria," alisema. "Moina nampa vidonge vitano vya klorokwini. Leo ameze viwili. Kesho viwili. Kesho kutwa kimoja. Vyote ni vyake. Hata akipoa, amalize. Umesikia, dada?"

"Nimesikia, kaka Chanfi."

Ramlati alisikia kweli. Lakini katika nyumba ile kila kitu kilichoingia kilipita kwanza mikononi mwa mama yake. Alimpa Bi Zoubeda kile kijikaratasi chenye vidonge.

"Vingapi hivi?" aliuliza Bi Zoubeda.

"Vitano, mama. Chanfi amesema vyote ni vya Moina."

"Vyote?" Bi Zoubeda alicheka. "Chanfi ana watoto wangapi yule? Hana hata mmoja! Humu ndani mna watoto wanne. Juzi mmoja wa Bahia alikuwa na joto. Mwenzake anakohoa. Serikali ikileta kitu kizuri, ale mmoja, watatu wamtazame?"

"Lakini mama, alisema..."

"Moina ndiye mgonjwa. Basi atapata mara mbili. Sijamnyima."

Watoto walipanga mstari. Moina alipewa vidonge viwili. Wale watatu walipewa kimoja kimoja. Walikunja nyuso kwa uchungu wa dawa, wakanywa maji, wakakimbia kucheza. Bi Zoubeda alifuta mikono akaridhika.

Msomaji, usimcheke. Mama huyu hakuwa mjinga wala mchoyo. Maisha yake yote alikuwa akilinda haki ya kila mtu, na siku ile aliilinda vilevile alivyozoea.

Siku ya pili Moina alipoa. Alikula, akacheza. Baada ya siku kumi homa ikarudi. Ramlati akaenda tena kwa Chanfi, akapewa tena vidonge vitano. Bi Zoubeda akagawa tena. Homa ikashuka, zikapita wiki mbili, ikaja mara ya tatu. Sasa Moina alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa meupe, na alichoka hata kupanda ngazi tatu za mlangoni.

"Dawa za siku hizi ni chokaa," alisema Bi Zoubeda kwa hasira. Majirani walikubali. Kila nyumba ilikuwa na mgonjwa aliyepona akaugua tena. Basi maneno yakaenea mji mzima kwamba dawa imekwisha nguvu.

*

Maneno kama hayo yalikuwa yameshafika Moroni, mji mkuu, katika kisiwa cha Ngazija. Yalifika kwa barua, na barua zile zilirundikana juu ya meza ya Bi Djaouharia.

Djaouharia alikuwa mfamasia. Alizaliwa Mutsamudu, nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Zoubeda, na kama watoto wote wa mtaa ule alikula mafungu ya mkono wake. Alisoma Dakar miaka mingi. Siku zile wafamasia wa Komoro ungeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Aliporudi, mama yake alitaka afungue duka la dawa, tena lenye kioo mbele. Djaouharia alikataa. Aliomba kazi wizarani, kwenye chumba chenye meza moja na kabati bovu.

"Nikiuza dawa nitajua nani amenunua," alimwambia mama yake. "Mimi nataka kujua nani amepona."

Mama yake hakuelewa, na alinuna mwezi mzima.

Mkuu wake kazini alikuwa Bwana Ahamada, mtu wa Ikoni. Kila asubuhi alikuja Moroni kwa teksi na mkoba wake wa ngozi. Alikuwa mkali lakini hakuwa mbaya. Siku moja alimwita Djaouharia.

"Hii ni barua ya kumi na moja," alisema. "Zahanati zote zinasema jambo moja. Wagonjwa wanapewa klorokwini, wanapoa, homa inarudi. Dawa hii imekufa, mama. Tuiache tulete nyingine."

"Nyingine ni ghali, bwana. Itatosha hospitali ya Moroni na ya Mutsamudu tu. Watu wa vijijini watapata nini?"

"Watapata nini kwa dawa iliyokufa?"

Djaouharia alifikiri kidogo. Kisha akasema, "Bwana Ahamada, kabla hatujailaumu dawa, nataka nijue imeingia tumboni mwa nani."

"Una maana gani?"

"Tunajua tumetoa vidonge vingapi. Hatujui vimemezwa vingapi."

Bwana Ahamada alivua miwani akaifuta. "Mwezi wa Juni nitatia sahihi," alisema. "Mpaka hapo fanya utafiti wako. Ukija mikono mitupu, klorokwini inatoka."

Djaouharia alinunua daftari kubwa jekundu. Alianza Moroni, kisha Ikoni, nyumba kwa nyumba. Aliandika jina la mwenye nyumba, jina la mgonjwa na siku ya ugonjwa. Halafu aliuliza, "Mlimeza dawa yote?"

"Yote," walijibu.

"Hakuna kilichobaki?"

"Hakuna, mama. Tumeshukuru sana."

Nyumba ya kwanza walijibu hivyo. Ya kumi vilevile. Ya mia vilevile. Djaouharia alirudi ofisini na majina mia moja na jibu moja. Alikaa akalitazama daftari lake, akaingiwa na shaka. Watu mia hawawezi kufanya jambo lolote kwa namna moja. Hata kusali, wengine huchelewa.

Mchana ule alikwenda soko la Volo Volo kununua kitambaa. Muuza vitambaa aliitwa Bi Moinafouraha, mwanamke mnene mwenye sauti nzito. Alikuwa mmoja wa Wakomoro waliokimbia mauaji ya Majunga, kule Madagaska, wakaletwa nyumbani mwaka 1977. Alimwona Djaouharia amebeba lile daftari jekundu.

"Ndiwe unayepita na daftari?" aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Ulikuja kwangu wiki iliyopita. Nilikuambia tumemeza zote. Nilikudanganya."

Djaouharia alishangaa. "Kwa nini, mama? Ningekufanya nini?"

Bi Moinafouraha alitazama kushoto na kulia. Ng'ambo ya barabara walisimama askari wawili wenye magwanda meusi. Wazungu wa kukodiwa, wanaopigana kwa mshahara, walikuwa wamekuja mwaka 1978 wakaipindua serikali. Kisha hawakuondoka. Sasa wao ndio waliowaongoza askari hao. Watu walijifunza kusema polepole.

"Mwanangu, Majunga walikuja kwanza watu wakauliza nani anakaa wapi. Wakaandika. Siku ya mauaji walijua milango yetu. Halafu tumekuja hapa kwetu, tumekuta hawa. Wewe unabisha hodi, unaandika jina langu na la mwanangu, unaniuliza kama nimetii amri ya serikali. Unataka nijibu nini?"

"Mimi ni mfamasia tu, mama. Si mtu wa askari."

"Najua. Lakini daftari halijui. Leo liko kwako, kesho liko kwa nani?" Alimkunjia kitambaa chake, akampa. "Lifunge, mwanangu. Ukilifunga, watu watazungumza."

Djaouharia alirudi ofisini kwa miguu. Aliona haya kwamba hakuliona jambo hilo mwenyewe, yeye mwenye vyeti vitatu ukutani. Jioni ile alichana kurasa zote zenye majina akazichoma kwenye bati uani. Wiki iliyofuata alipanda ndege ndogo kwenda Nzwani, mkobani hana hata kalamu.

*

Alifika Mutsamudu asubuhi. Akapita zahanati kumsalimu Chanfi.

"Afadhali umekuja, dada," Chanfi alisema. "Moina wa Ramlati ameugua mara ya tatu. Mama yake ameondoka hapa sasa hivi na dawa. Mimi naogopa. Mtoto hana damu."

Djaouharia alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Bi Zoubeda. Alivua viatu mlangoni.

"Kwezi, Koko," alisema, maana ndivyo mdogo anavyomsalimu mkubwa Nzwani.

"Mbona, mwanangu!" aliitikia Bi Zoubeda. "Djaouharia! Ingia, ingia. Moroni hawakulishi?"

Ndani, Moina alikuwa amelala juu ya mkeka, kichwa mapajani mwa Ramlati. Wajukuu watatu walikuwa wamepanga mstari. Bi Zoubeda alikuwa na kijikaratasi mkononi. Hakuona sababu ya kuficha, kwa kuwa mgeni alikuwa mtoto wa nyumbani na hakuwa na daftari.

"Moina viwili," alisema. "Wewe kimoja. Na wewe. Na..."

"Koko, simama!" Djaouharia alipaza sauti bila kukusudia. "Unafanya nini?"

"Nagawa. Kwani umesahau? Wewe mwenyewe umekula mkono huu."

Djaouharia alikaa chini polepole. Wiki zote zile alikuwa akitafuta jibu Moroni na Ikoni, na jibu lilikuwa hapa, nyumba ya tatu kutoka kwao. Alitaka kucheka na kulia pamoja.

"Mara mbili zile pia uligawa?"

"Sasa nifanyeje? Nimlishe mmoja?"

"Koko, nisikilize. Vijidudu vya malaria vinakaa ndani ya damu. Dawa ya siku ya kwanza inaua vingi. Mwili unapoa, na sisi tunafurahi. Lakini vingine vimebaki vimejificha. Dawa ya siku ya pili na ya tatu ndiyo inayovimaliza. Moina hakuipata. Basi vikazaliana tena. Na vile vilivyoonja dawa kidogo bila kufa vinaanza kuizoea."

"Na hawa wengine?"

"Asiye na malaria hakihitaji kidonge hicho. Mwenye malaria kimoja hakimtoshi. Umegawa vitano, na hakuna hata mmoja aliyepata dawa."

Uso wa Bi Zoubeda ulibadilika. Miaka arobaini hakuna mtu aliyemwambia amegawa vibaya.

"Djaouharia," alisema, "mimi sijamdhulumu mtu tangu nizaliwe."

"Najua, Koko. Nikuulize. Mtu akikuachia amana, akakwambia mpe Moina, utaigawa kwa wajukuu wote?"

"Amana haigawiwi. Hata mtoto anajua. Anapewa mwenyewe yote, kama ilivyo."

"Basi chakula cha arusi ni cha kugawa. Dawa ni amana. Chanfi alikuachia amana ya Moina."

Bi Zoubeda alifungua mdomo ajibu. Hapo hapo Ramlati alipiga kelele. Moina alikuwa amekaza mwili. Macho yaligeuka, mikono ikaanza kurukaruka. Ilikuwa degedege.

Djaouharia alimgeuza mtoto ubavu ili asipaliwe. "Msimtie kitu mdomoni!" alisema. Mwili ulipolegea, Ramlati alimbeba mwanawe akatoka mbio kuelekea hospitali. Bi Zoubeda alifuata nyuma peku, shiromani ikiburuta chini. Watu walisimama kwenye vichochoro kumwona, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona Bi Zoubeda akikimbia.

Hospitali walimpa Moina kwinini kwa maji ya mshipani, na Ramlati alimtolea mwanawe damu. Siku ya kwanza hakufumbua macho. Siku ya pili aliomba maji. Siku ya tatu aliuliza, "Koko yuko wapi?"

Koko alikuwa chini, pembeni ya kitanda, na hakuwa ameondoka siku zote tatu. Alimshika mjukuu wake mguu akalia kwa sauti, mpaka wagonjwa wengine wakageuka kutazama.

Alipotulia, alimwambia Djaouharia, "Karibu nimuue kwa mkono wangu."

"Hukujua, Koko. Sasa unajua."

"Mimi nimejua. Na mji je? Unafikiri nagawa mimi peke yangu? Sisi sote tumelelewa hivi. Nenda kawaulize."

"Nimewauliza wa Moroni. Nilibeba daftari, wakaogopa, wakanidanganya."

Bi Zoubeda alifuta machozi kwa ncha ya shiromani. Kwa mara ya kwanza siku tatu zile, alitabasamu kidogo.

"Basi nitauliza mimi," alisema. "Mimi wataniogopea nini? Kalamu sijui hata kuishika."

*

Walifanya hivi. Bi Zoubeda alichukua chungu chenye kifuniko, na kifuniko kikatobolewa tundu. Alipita nyumba mia mbili za Mutsamudu, akiwa na mfuko wa mahindi na mfuko wa kunde. Kila nyumba aliyoingia ilikuwa na mtu aliyeugua malaria msimu ule. Kwanza alisimulia habari ya Moina, hakuficha kosa lake. Kisha alimpa mwenye nyumba punje moja ya mahindi na kunde moja.

"Kama mgonjwa wako alimeza dawa yote mwenyewe, tia mahindi," alisema. "Kama mligawa, au mliweka akiba, tia kunde. Mimi nageuza uso. Jina lako silitaki, nalijua tangu hujazaliwa."

Wanawake walicheka. Wakatia.

Chungu kilipofunguliwa mbele ya Djaouharia na Chanfi, mahindi yalikuwa sitini na moja. Kunde zilikuwa mia moja thelathini na tisa. Chanfi alihesabu mara tatu.

Lakini Djaouharia hakutosheka. Huenda watu waligawa, na huenda dawa nayo ilikuwa imechoka. Alitaka kujua yote mawili. Kwa ruhusa ya wazazi, alichagua watoto sitini wenye malaria. Kila mmoja alimeza dawa yake siku zote tatu mbele ya Chanfi. Ramlati ndiye aliyezunguka asubuhi kuwakusanya waliochelewa. Baada ya wiki mbili Chanfi alipima damu ya wote kwa hadubini. Watoto hamsini na wanne walikuwa wazima. Sita homa ilikuwa imewarudia, nao wakapewa dawa nyingine mara moja.

"Sita," alisema Chanfi. "Tutawaficha?"

"Hao ndio tutakaoanza nao," Djaouharia alijibu.

*

Mwezi wa Juni aliingia ofisini kwa Bwana Ahamada akiwa na kikapu.

"Majibu yako wapi?" aliuliza Bwana Ahamada. Karatasi ya kuiondoa klorokwini ilikuwa mbele yake, na kalamu juu yake.

Djaouharia alimimina mezani mafungu mawili, mahindi huku na kunde huku. Kunde chache zilibingirika zikaanguka chini.

"Nini hii? Unataka nipike?"

"Hizi ni nyumba mia mbili za Mutsamudu, bwana." Akamweleza yote, tangu degedege la Moina hadi damu ya wale watoto sitini. "Kwanza nikwambie lililo baya. Watoto sita kati ya sitini dawa haikuwasaidia. Dawa imeanza kuchoka. Tupime kila mwaka, na siku ikishindwa nitakuja mwenyewe kukuomba uiondoe. Lakini leo hii inaponya watoto tisa katika kumi, wakiimeza yote. Tukiiondoa, vijiji havitakuwa na kitu."

"Na majina ya nyumba hizi?"

"Hakuna."

"Djaouharia! Wizara haiwezi kufuata kunde. Na jamaa wa ulinzi, wale wa magwanda meusi, wakiuliza tuna orodha gani?"

"Waambie wahesabu kunde," alisema Djaouharia. Aliogopa, lakini hakuinamisha macho. "Ningeandika majina ningepata uongo. Huu ni ukweli wa watu mia mbili, bwana. Sina kitu kingine."

Bwana Ahamada alisukuma kiti nyuma. Aliinama, akaokota kunde iliyoanguka, akaigeuzageuza kati ya vidole.

"Mwezi uliopita mwanangu aliugua," alisema mwishowe. "Mama yake aligawa dawa kwa watoto wote. Mimi nilikuwepo. Nilimsifu kwamba ana huruma."

Akaiweka ile kunde pamoja na zile nyingine. Kisha akachukua karatasi iliyokuwa mbele yake, akaichana.

"Haya. Tufanye nini?"

Mambo waliyoyaamua yalikuwa madogo, na labda ndiyo maana yaliwezekana. Kila mgonjwa alipewa bahasha yake, yenye picha ya jua mara tatu kwa siku tatu, na chini ya kila jua vidonge vilichorwa kwa idadi yake. Asiyejua kusoma aliweza kuhesabu. Dawa ya siku ya kwanza ilimezwa mbele ya muuguzi. Na muuguzi aliamriwa amuulize kila mama swali moja: "Nani mwingine nyumbani ana joto?" Akiwepo, aletwe, apimwe, apate bahasha yake mwenyewe. Maana Djaouharia alikuwa ameelewa kwamba akina mama waligawa kwa kuwa hakuna aliyewauliza habari za wale wengine.

Bahasha zile Mutsamudu waliziita "amana". Jina lilivuka bahari likafika Ikoni na Ntsoudjini. Bi Moinafouraha alilisikia Volo Volo, naye akalitangaza kwa kila aliyenunua kitambaa. Msimu wa mvua uliofuata, barua zilizofika mezani kwa Djaouharia zilikuwa mbili tu. Kila mwaka alipima dawa, kama alivyoahidi. Baadaye alipewa kuongoza kazi yote ya dawa nchini, akaitwa nchi za mbali kueleza alivyofanya. Wataalamu wa huko walitaka sana kuona vyombo vyake vya utafiti. Aliwaonyesha kunde.

Siku hizi dawa za malaria ni nyingine, msomaji, na zahanati watakupima damu kwanza. Lakini kumaliza dozi ni kule kule. Uliza, meza yote, na usimpe mwenzio.

*

Mwaka mmoja baada ya degedege la Moina, Bi Zoubeda mwenyewe aliugua. Ilikuwa asubuhi ya arusi kubwa, na mji mzima ulikuwa ukimsubiri. Alitetemeka, akalala. Ramlati alimpeleka kwa Chanfi, akarudi naye na bahasha.

Upawa walikabidhiwa wengine, na wakanung'unika watu siku ile, mpaka wakachoka.

Siku ya pili Bi Zoubeda alijisikia nafuu. Alikaa mkekani akaifungua bahasha yake. Wajukuu wanne walimwona Koko ana kitu mkononi. Kwa mazoea tu, wakapanga mstari.

Bi Zoubeda aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Akatazama vidonge. Mkono wake ulisogea mbele wenyewe, kama ulivyofanya miaka arobaini. Moina, aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari, aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akaurudisha mdomoni mwa bibi yake.

"Hii yako, Koko," alisema. "Meza."

Bi Zoubeda akameza dawa yote ya siku ile mbele yao, na machozi yakimtoka. Tangu alipojua kushika upawa, hakuwahi kula kitu peke yake.